Mama Aliyemwaga Maziwa

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi mno, hata tangazo la mazishi nikilisoma mkono wangu hutafuta kalamu nyekundu. Ni ugonjwa, najua. Nilipostaafu, watu wa redio yetu ndogo hapa Isiolo, ile inayosikika mpaka Kulamawe siku ambayo mitambo imeamka vizuri, wakaniomba niwe nikizungumzia vitabu kila Jumamosi asubuhi. "Robo saa tu, mwalimu," wakasema. Tangu ugatuzi uingie, mji wetu ulikuwa umepata mambo mengi ambayo hatukuyaota, na mojawapo ni watu kuniuliza barabarani wiki hii tunasoma nini. Kichwa kikanivimba kidogo. Sitasema uongo, kilivimba sana.

Siku moja alasiri muuguzi wa dispensari akabisha mlangoni kwangu Bulla Pesa, kwenye ploti ninapoishi. Ni Mborana, amejitanda shela mpaka kidevuni, na alinisalimia "habari, mwalimu", si "salamu aleikum", kwa kuwa anajua mimi ni Mmeru wa kanisa. Sikuwahi kumfundisha, lakini hapa kila mtu ananiita mwalimu. Alitoa kitabu kilichofungwa kwa karatasi ya kaki, akaniwekea magotini kwa mikono miwili, vile mtu anavyokukabidhi mtoto mchanga. Kwenye jalada niliona jina lake.

"Wewe? Umeandika riwaya?"

"Ndiyo ya kwanza." Akaangalia chini. "Mwalimu, mama yangu anakusikiliza kila Jumamosi. Yeye hajui kusoma. Sijamwambia nimeandika kitu. Nataka asikie kwako kwanza."

"Na nikisema ni kibaya?"

Akacheka, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya shela. "Sema tu ukweli. Lakini ukifika kwa mama wa kwenye kitabu, angalia vile utasema." Ningemuuliza kwa nini. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuhakiki, na mhakiki mwenye haraka ni mtu hatari kuliko dereva.

Ilikuwa riwaya ya taharuki. Kuna mama mmoja, mtoto wake ana miezi michache, mume yuko mbali na ngamia. Mama huyo anaamini kuna mtu anataka kumdhuru mtoto. Anamwambia mama mkwe, anamwambia chifu, anamwambia kila mtu, na wote wanamcheka. Ana rafiki mmoja tu wa kumfariji, anayekuja kila asubuhi na kumwambia, "Ni hofu tu, dada yangu, kunywa chai." Basi nusu nzima ya kitabu mama anaogopa. Anaamka, anaogopa. Anakamua, anaogopa. Na katikati ya hofu hiyo mwandishi anajaza moshi: moshi wa vibuyu, kuni za kufukizia, harufu ya mti huu, harufu ya mti ule. Nilishika kalamu nikaandika pembeni: "Moshi umetosha!" Ukurasa mwingine nikaandika: "Anaogopa nini hasa?"

Lakini nusu ya pili, jamani. Nilisahau githeri jikoni ikaungua mpaka jirani akaja kuuliza kama niko hai. Mle ndani inakuja kujulikana kwamba yule rafiki mpole, yule wa kunywa chai, ndiye aliyekuwa akitia kitu kwenye maziwa ya mtoto. Niliruka kwenye kiti. Mimi, mtu mzima mwenye magoti mabovu, niliruka!

Kwa hiyo niliandika uhakiki wangu hivi: nusu ya pili ni moto, nusu ya kwanza ni baridi. Nikaandika kwamba mama huyu ni mwoga bila sababu na kwamba hofu yake inachosha. Nikamalizia kwa sentensi niliyoipenda mno: "Mwandishi akumbuke kwamba msomaji hawezi kuogopa asichokiona." Niliisoma kwa sauti mara mbili peke yangu, nikaona kweli mimi ni mwalimu.

Ijumaa nilipita soko la maziwa. Akina mama wa pale nawajua miaka mingi. Wanakaa mstari chini ya mabati, mitungi ya manjano mbele yao, maziwa ya ngamia upande huu, ya ng'ombe na mbuzi upande ule. Maziwa yao hufukizwa, yaani chombo kinajazwa moshi wa kijiti kinachowaka kabla ya maziwa kumiminwa, ili yasiharibike upesi na yapate ladha. Mimi ladha hiyo ilinishinda tangu nilipofika mji huu. Kwetu maziwa yakinuka moshi ni kwamba mtu ameunguza sufuria. Kwa hiyo mmoja wao huniwekea chupa yangu, isiyopitia moshi, na wote wananitania.

"Mwalimu wa maziwa ya hospitali amefika!"

"Mpeni maziwa yake ya wagonjwa!"

Nikakaa kwenye mtungi mtupu. Wakaniuliza kesho nitasema juu ya kitabu gani. Nami, kwa kiherehere changu, nikakitoa kwenye kikapu. Jina la mwandishi sikulitaja, maana nilikumbuka alitaka mama yake asikie redioni. "Kuna huyu mama wa kitabu," nikasema, "mwoga bure kabisa. Anaogopa mpaka kibuyu. Ngojeni niwasomee mcheke."

Nikasoma. Mama anaamka, anachukua gorfa, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, ambacho amekifukiza mwenyewe jioni. Anakifungua. Anakinusa. Ni moshi wa mti wa milimani, na yeye hufukiza kwa mti wa nyikani. Anakifunika. Anambeba mtoto. Halafu rafiki anaingia, anatua mzigo wa kuni za milimani mlangoni, anamwambia ni hofu tu, dada yangu, kunywa chai.

Niliinua macho ningoje kicheko.

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa akimimina maziwa alikuwa ameacha kumimina, faneli iko hewani. Mwingine ameshika mdomo.

"Asimpe mtoto!" akasema wa kwanza. "Mwalimu, mwambie asimpe mtoto hiyo maziwa!"

"Nimwambie nani? Ni kitabu."

"Subhanallah! Ni huyo rafiki," akasema wa pili. "Huyo rafiki ni mbaya."

Nilifunga kitabu. Ule ulikuwa ukurasa wa ishirini na kitu. Mimi nilihangaika kurasa mia mbili kabla ya kumjua rafiki yule! "Nani amewaambia? Mmekisoma?"

"Tusome wapi? Si wewe umesoma sasa hivi? Amekuja na kuni gani?"

Nikafungua tena. Kuni za milimani, zipo pale, zimeandikwa, na chini yake kuna mstari wangu mwekundu na maneno yangu mwenyewe: "maelezo ya ziada". Haki ya Mungu, nilitamani kukila kile kitabu nisionekane nacho.

Wakanifundisha, kwa subira, kama ninavyofundisha mtoto wa darasa la kwanza. Kila mama ana mti wake wa kufukizia, aliorithi kwa mama yake. Mume akirudi gizani anajua ameingia nyumba yake kwa harufu ya maziwa. Hakuna mwanamke anayegusa chombo cha mwenzake bila kuitwa. Sasa mtu akikigusa kwa siri, akatia kitu, akamwaga kidogo, akasuuza mdomo wa chombo, lazima akifukize tena ili isijulikane. "Na yeye atatumia kuni gani?" akaniuliza yule wa faneli. "Si ile yake? Hana ingine."

Nywele za mikono zilinisimama, na ni saa sita mchana, jua la Isiolo kichwani. Kumbe nilikuwa nimeshika vitabu viwili nikadhani ni kimoja! Kwangu mimi ilikuwa hadithi ya nani kafanya. Kwa hawa, aliyefanya anajulikana tangu mwanzo, na taharuki yao ni nyingine, mbaya zaidi: wanakaa kurasa mia mbili wakimtazama mwuaji akimpikia mama chai, na hakuna anayemwamini mama huyo. Yule msichana wa dispensari alikuwa ameandika sentensi ileile moja ikatisha watu wa aina mbili kwa njia mbili. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na nimesoma vitabu vingi kuliko meno yangu yaliyobaki.

Nilikuwa bado nimeshika kichwa nilipoona mwanamke wa mwisho kwenye mstari akisimama. Huyo si mtu wa maneno mengi. Alijifunga shela, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda zake. Mtungi wake aliuacha wazi, na inzi wakaanza kuja. Mwenzake akanyoosha mkono akaufunika.

"Nimemkosea nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwishowe yule wa faneli akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe umesema mwoga bure. Huyo ndiye alimwaga maziwa."

Ilikuwa Kulamawe, zamani, mtoto wake wa kike akiwa mchanga. Asubuhi moja alifungua chombo, akanusa, akatoka nje mbele ya watu akamwaga maziwa yote mchangani. Halafu akambeba mtoto akatembea mpaka barabara kubwa, akaja Isiolo, na hakurudi. "Kwetu maziwa haimwagwi," wakaniambia. "Hata ikikuponyoka bahati mbaya, unasema astaghfirullah. Yeye alimwaga kwa mkono wake, chombo mzima, na ilikuwa ukame." Ndani yake palikuwa na kitu au hapakuwa na kitu? Hakuna ajuaye. Mchanga ulikunywa. Watu wakasema ni mwoga, wakasema ana wazimu, mume akaoa mwingine, na jina likamfuata mpaka mjini: aliyemwaga maziwa. Wanamwita hivyo akiwa hayupo, na wakati mwingine akiwepo.

"Na yule mtoto?"

"Si ndiye anafanya dispensari?"

Sikumbuki nililipaje maziwa. Nakumbuka nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nilikuwa nimemwita mwoga bure mbele ya wenzake, na kesho yake saa tatu nilikuwa niseme hivyo hivyo mpaka Kulamawe kwenyewe wasikie.

Nikampigia binti yake, yule muuguzi, simu nikamweleza yote, sikuficha kitu.

"Sasa mama anajua ni kitabu chake," akasema. "Hajui ni changu."

"Nimharibie zaidi? Niache nisiseme chochote?"

"Hapana, mwalimu. Sema. Kesho atakuwa sokoni, Jumamosi hakosi. Huwa anaweka simu ndani ya mkebe ndio redio isikike." Akaongeza: "Kama ataiwasha."

Jioni ile nilikisoma tena, kuanzia ukurasa wa kwanza, na safari hii nilisoma kwa pua. Mungu wangu. Nilipoandika "anaogopa nini hasa", jibu lilikuwa mistari miwili juu. Nilipoandika "moshi umetosha", mtu alikuwa ametoka tu kwenye kibanda. Kila kazi ndogo ya mama yule, kufungua, kunusa, kufunika, ilikuwa ni ya askari anayekagua mpaka. Na mwandishi hakunieleza! Hakuteremka hata mara moja kuniambia, wewe mnywa maziwa ya hospitali, hivi ndivyo ilivyo. Alimwandikia mama asiyejua kusoma, akaniacha mimi mwenye vyeti nihangaike nje ya mlango. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda cha watu nikisema hakina kunguni.

Kilichonitoa machozi ni jambo lingine. Huyu binti siku ile alikuwa mchanga mgongoni. Hakuona kitu, hakunusa kitu. Hana ushahidi wowote duniani. Alikua akisikia mama yake akiitwa jina lile dukani, kisimani, arusini, na akaenda akakaa, baada ya zamu zake za dispensari, akaandika kitabu kizima ambamo mama alikuwa sahihi. Nimesahihisha insha maelfu na sijui nani aliniambia mimi najua kuandika.

Jumamosi niliuchana ule uhakiki wangu, hata ile sentensi niliyoipenda. Nina sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: riwaya ya taharuki haihakikiwi kwa kufichua mwisho. Ni wizi kumwibia msomaji mwisho wake. Mtangazaji aliniwekea kipaza sauti, akanikaribisha kwa bashasha zake, nami nikasema takriban hivi:

"Wiki iliyopita nilipewa kitabu, nikakisoma vibaya. Nilidhani mama wa kitabu hiki ni mwoga. Jana akina mama wa soko la maziwa wamenifundisha kusoma. Leo nawapasulia mwisho, na mwandishi anisamehe. Maziwa yalikuwa na sumu. Mama alijua kwa pua yake kabla ya chifu, kabla ya daktari, kabla yangu mimi. Aliyamwaga, na kwa kuyamwaga mtoto akaishi. Huyo si mwoga. Kama yuko mwanamke jasiri kumzidi katika vitabu nilivyosoma, simjui. Na aliyeandika ni binti yetu wa hapa hapa, muuguzi wa dispensari, na mama yake yuko sokoni anauza maziwa."

Mtangazaji alinitazama macho yamemtoka, akasahau kuweka muziki. Sikungoja chai yao.

Kutoka redioni mpaka soko la maziwa si mbali, nami nilikwenda moja kwa moja. Sikujua kama simu iliwashwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Uchungu wa mzazi huyu nilikuwa nimeusomea hadharani kama kichekesho, na kama hakuwa amesikia, basi ya jana ndiyo yangebaki masikioni mwake, na kazi yote ya binti ingekuwa bure.

Soko lilikuwa limejaa. Jumamosi watu wa hoteli huja na makontena yao, magari ya Ngaremara yamefika, kila mtu anapima na kupiga kelele. Alikuwa mahali pake mwisho wa mstari. Mkebe ulikuwa miguuni pake, simu ndani yake, na sasa ulikuwa ukitoa wimbo. Nikachuchumaa mbele yake. Nilianza kusema pole, akainua kiganja nikanyamaza.

"Mwalimu," akasema. "Kwa hiyo kitabu. Hiyo maziwa ilikuwa na kitu?"

"Ilikuwa na kitu."

"Mtoto wangu ndiye ameandika hivyo?"

"Ndiye ameandika."

Hapo mwalimu aliye ndani yangu akainua kichwa. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba riwaya si ushahidi, kwamba mwandishi hubuni, kwamba lililo kitabuni halithibitishi lililo mchangani. Neno hilo lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikaliuma, likarudi lilikotoka. Hata hivyo nadhani yeye alilijua kuliko mimi, maana alikaa muda akisugua mdomo wa mtungi kwa kidole gumba, polepole, akiuzungusha.

"Mimi sikujua," akasema. "Niliogopa tu, nikamwaga. Miaka hii yote nauza maziwa, kila siku nikipima, nafikiri, labda ile nilimwaga ilikuwa maziwa mzuri."

Nilimshika mkono, ukanuka moshi, nami nikaushikilia hapo hapo.

Akautoa mkono wake, akaniinua kwa kiwiko nisimame. Akageuka akatazama mstari mzima wa wenzake walioinamia mitungi, wanahesabu vikombe, wanagombana na watu wa hoteli.

"Hawa walikuwa wanapima, hawakusikia," akasema. "Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti yangu ya darasani, tangu mwanzo, mpaka mwanamke wa mwisho akaacha kumimina.